Hata Mgeni Hupewa Siku Kumi na Nne

Ukumbi wa bodi ya wahandisi ulifurika tangu saa mbili asubuhi. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kuhuisha leseni, na kwa ile desturi ya binadamu, kila mtu alikuwa ameingoja wiki ya mwisho. Nje mvua ilikuwa ikinyesha pasipo haraka. Ndani miavuli ilichuruzika sakafuni, watu wakapiga chafya, na karani wa dirisha la tatu akaita namba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Kwenye benchi la nyuma alikaa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, gauni la kijivu la mikono mirefu, mtandio wa zambarau mabegani, viatu vimelowa hadi soksi. Mapajani alipakata mafaili arobaini na moja. Kampuni yake ilikuwa imeshinda zabuni ya kutafuta wahandisi wa magari wenye leseni, pamoja na makandarasi, kwa ajili ya mradi wa mikoa minne: kukagua na kutengeneza magari ya wagonjwa ya hospitali za wilaya. Wengine kazini waliwasaili watu. Yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila leseni ni hai na kila cheti ni safi. Ndiyo maana ofisini walimwita Hakiki, na si kila mara kwa kumsifu.

"Samahani, dada," ilisema sauti ubavuni mwake. "Huyo jamaa wa juu hapo, mbona amenuna hivyo?"

Hakiki akatazama picha iliyobanwa kwenye faili la juu. "Anaomba kazi. Wote hupigwa picha hivyo."

"Namfahamu huyo. Mtu mzuri sana. Ila yeye na kamera hawajawahi kupatana."

"Kama unamfahamu, mwambie ameandika tarehe ya kuzaliwa mahali pa tarehe ya leseni. Kwa karatasi hii, alipata uhandisi siku aliyotoka tumboni mwa mama yake."

"Alizaliwa na kipaji, dada."

Hakiki akageuka. Alikuwa ni yeye mwenyewe wa kwenye picha, ila hapa alikuwa akitabasamu: shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, ndevu zimechongwa, na kucha zenye ule weusi wa mafuta ya gari usiosikia sabuni. Hakiki akalifunika faili kwa kiganja, kama mtu aliyekutwa akichungulia dirishani kwa watu.

"Sikujua ni wewe."

"Ningejua ni wewe unayesoma, ningepiga picha nyingine. Una kalamu? Nirekebishe kabla hujanifukuza."

Akampa kalamu. Aliporekebisha tarehe, mkono wake ulikuwa mzito na wa uangalifu, kama wa mtu anayekaza nati asiyotaka ivunjike. Karani akaita namba yake. Akasimama, akasahau kurudisha kalamu, akarudi mbio kuirudisha. Hakiki akacheka peke yake. Mzee aliyekaa upande wa pili akamtazama kwa jicho la pembeni.

*

Wiki mbili baadaye ulifika usaili wa vitendo. Gari kuukuu la wagonjwa liliegeshwa uani, na kila mwombaji akapewa dakika ishirini kusema lina ugonjwa gani. Wengi walifungua boneti. Mhandisi, kwa maana ndivyo Hakiki alivyoanza kumwita moyoni, alitandika gunia juu ya matope, akaingia chini na shati lake jeupe, akatoka akiwa amechafuka mgongo mzima.

"Hili gari lisitoke hapa," aliwaambia wasaili. "Bomba la breki la nyuma limeliwa na kutu. Litashika mara kumi. Ya kumi na moja litawaacha."

"Lakini lilikaguliwa mwezi uliopita," alisema mkandarasi aliyelileta.

"Basi aliyelikagua alilikagua kwa mdomo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Hakiki, aliyekuwa dirishani na kikombe cha chai, aliona uso ukimbadilika ghafla, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki wenzake wajue. Alidhani ni baridi.

Jioni ile simu yake ikalia.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Imeandikwa chini ya barua ya kuitwa kwenye usaili. 'Kwa maswali, piga namba hii.' Nina swali."

"Uliza."

"Unapenda kula nini?"

"Sikiliza, kaka. Mpaka orodha itoke, mimi na wewe ni salamu tu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu."

"Sawa. Habari za jioni." Kesho yake akapiga. "Habari za asubuhi." Saa nne akapiga tena. "Habari za saa nne." Mchana: "Habari za kushiba." Siku ya tatu Hakiki alikuwa akiipokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Orodha ikatoka. Wahandisi kumi na wawili, naye wa tatu kutoka juu. Lakini mikataba ilingoja majibu ya mwisho kutoka bodi, na bodi haina haraka na mtu. Kanuni ilimtaka Hakiki alikabidhi faili lile kwa mwenzake mara tu moyo ulipoanza kuingilia kazi. Hakulikabidhi. Alijiambia kwamba jambo limekwisha, limebaki la makaratasi tu. Mapenzi yana ulimi mtamu. Humshawishi hata mtu wa kanuni.

Miezi mitatu ilipita kama mchana wa siku moja. Jumapili moja Hakiki alimpeleka Mhandisi kwa dada yake aliyemlea, mshonaji mwenye maneno makali na moyo laini. Dada alimpima mgeni kwa macho kutoka unyayo hadi utosi, kama anayemkadiria kitambaa.

"Kucha zake nyeusi," alimnong'oneza mdogo wake jikoni.

"Ni mafuta ya gari, dada."

"Najua. Ndiyo nasema. Afadhali mwenye uchafu wake nje."

Mhandisi mwenyewe alisimulia habari zake kwa mafungu. Baba hakumkuta. Mama alifariki mwaka uliotangulia, baada ya kuugua miezi. Aliyemsomesha ni mjomba wake, fundi wa miaka arobaini, mwenye gereji ndogo nyuma ya soko. Aliuza kiwanja chake pekee ili mpwa apate digrii.

"Lini utanipeleka nikamsalimie?"

"Mjomba hajisikii vizuri siku hizi."

"Ndiyo vizuri. Mgonjwa husalimiwa."

"Utamsalimia tu, Hakiki wangu. Usinikimbize."

Kila alipomtaja mjomba, sauti yake iliteremka ngazi moja. Hakiki alilisikia hilo. Hakulihakiki.

"Miaka miwili mikoani," Mhandisi alimwambia siku moja wakitembea chini ya mwavuli mmoja, bega moja la kila mtu likilowa. "Ukisema nisiende, siendi."

"Nenda. Mimi sifugi mtu kwenye kizimba. Ila usirudi na mwingine."

"Nani mwingine atanikubali na picha ile?"

*

Barua ya bodi ilifika Jumanne, saa tano asubuhi. Leseni kumi na moja zilikuwa safi. Ya kumi na mbili ilikuwa na hoja.

Mwaka mmoja nyuma basi dogo la abiria lilikosa breki kwenye mteremko. Watu saba walikufa, akiwemo mwenye basi aliyekuwa akiendesha. Siku tisa kabla ya hapo basi lile lilipewa cheti cha ukaguzi. Uchunguzi ulilala kabatini muda wote huo, na sasa umeamka: muhuri ulio kwenye cheti ulikuwa na namba ya leseni ya Mhandisi.

Hakiki aliisoma barua mara tatu. Alifunga mlango, akapiga simu. Upande wa pili nyundo ilikuwa ikigonga chuma, kisha ikanyamaza.

"Hakiki wangu! Leo umenitangulia kwa salamu."

"Basi lililoanguka mteremkoni mwaka jana. Cheti chake kina muhuri. Ni wako?"

Alisikia nyundo ikiwekwa chini.

"Ni wangu."

"Ulilikagua basi lile?"

"Hakiki..."

"Nijibu. Ndiyo au hapana."

"Hilo siwezi kukujibu."

"Watu saba, Mhandisi! Watu saba, nawe unaniambia huwezi kunijibu?"

"Siwezi," alisema, na sauti yake ilikuwa kama inatoka chini ya gari.

Kanuni ya ofisi ilikuwa wazi. Mwombaji mwenye hoja huandikiwa barua, hupewa siku kumi na nne za kujieleza, ndipo uamuzi ufanywe. Hakiki alikuwa amekwisha kuziandika barua za namna hiyo zaidi ya kumi, kwa watu asiowajua hata kwa sura. Siku ile hakuandika barua. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la tatu, akaipeleka orodha kwa meneja kabla ya saa ya chakula. Alijiambia huo ndio uadilifu. Kumbe ulikuwa woga. Aliogopa watu wasije wakasema amembeba mpenzi wake kwenye kapu la ofisi, na kwa kuogopa kumpendelea, akamdhulumu.

Siku ya pili Mhandisi alikuja ofisini. Alisimama mapokezi na ovaroli la buluu lililopauka magotini, kofia mkononi.

"Umenikata kwa wino mwekundu," alisema polepole. "Wenzangu wameniambia."

"Nilikuuliza swali moja tu."

"Nami nimesoma kanuni zenu; mlizibandika ukutani siku ya usaili. Hata mgeni hupewa siku kumi na nne. Mimi umeninyima hata moja."

"Ungepewa hizo kumi na nne, ungesema nini?"

Alitazama sakafu. "Labda nisingesema kitu. Lakini zingekuwa zangu."

Akavaa kofia yake, akatoka. Hakiki alibaki amesimama mpaka msichana wa mapokezi akamwuliza kama anataka maji.

*

Wahandisi kumi na wawili wakaondoka na magari sita, na nafasi ya tatu ikajazwa na mtu mwingine. Hakiki aliwaona wakiondoka kutoka dirisha lile lile la chai. Mvua zilikatika, likaja wingu la kijivu lisilonyesha wala kuondoka. Alikonda. Magauni yake yakaanza kumning'inia, na dada yake akayabana kiunoni bila kuulizwa.

"Nikiendelea kukubania nguo hivi," alisema dada na pini mdomoni, "mwisho nitakushonea foronya uivae."

"Dada, aliua watu saba."

"Alikwambia hivyo?"

"Hakuniambia kitu."

"Basi umeambiwa na nani?"

Siku moja Hakiki alimpigia Mhandisi. Akapokea mtu mwingine, makelele ya injini nyuma yake. "Yuko chini ya lori. Nimwambie nani kapiga?"

"Basi tu."

"Nimwambie Basi Tu kapiga?"

Akakata. Mhandisi alipoambiwa kwamba Basi Tu kapiga, aliitazama namba muda mrefu, akaifuta mafuta simu kwa paja la ovaroli, akairudisha mfukoni. Alikuwa sasa akifanya kazi kwenye gereji ya malori kando ya barabara kuu, kazi ya kukaza na kulegeza, akisimamiwa na watu aliowazidi elimu. Hakulalamika. Kwa maoni yake ndicho alichostahili.

Miezi mitatu tangu siku ya wino mwekundu, msichana wa mapokezi alimwita Hakiki. "Kuna mzee anakuuliza. Hataki kusema shida yake."

Alikuwa mrefu, aliyepinda mgongo. Koti lake lilikuwa la mtu mnene, na mtu huyo mnene alikuwa yeye mwenyewe wa zamani. Mikono ilimtetemeka, akaibana kati ya magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Hakiki?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni mjomba."

Hakuhitaji kusema mjomba wa nani. Hakiki akampeleka chumba cha usaili, akafunga mlango, akamwekea maji ambayo mzee hakuyagusa.

"Muhuri ule," mzee akaanza, "niliugonga mimi."

Akaeleza bila kupamba. Mama yake kijana, dada yake yeye mwenyewe, alilazwa mbali, safari ya siku mbili. Kijana akaenda kumuuguza wiki tatu nzima. Yeye mzee akabaki kushika gereji. Muhuri ukaachwa kwenye droo. Kijana alimwambia, mjomba, kikitokea cha dharura utanipigia kwanza. Akaja mwenye basi, mteja wa miaka mingi, ana haraka, abiria wanamngoja.

"Niliangalia matairi. Nikaangalia taa. Nikamwambia akanyage breki, ikashika. Chini sikuingia. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nikajiambia, mimi fundi wa miaka arobaini, gari likipita tu najua lina nini. Nikagonga muhuri. Sahihi ya kijana naijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Sikupewa hongo, binti. Afadhali ningepewa. Ningekuwa na cha kukitupa."

"Na yeye alipojua?"

"Aliniambia, mjomba, nyamaza. Mimi kijana, nitahimili. Wewe gerezani hutamaliza mwaka. Nikanyamaza. Huu mwezi wa kumi na tano. Nikila, ni saba. Nikiomba Mungu, ni saba. Nimechoka kunyamaza."

Hakiki alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Sasa unataka nifanye nini, mzee wangu?"

"Uniandikie maelezo niyapeleke bodi. Mkono wangu umeuona. Na hata ungekuwa mzima, nikiandika mwenyewe nitajipendelea."

"Nikikuandikia, watakufunga."

"Najua."

"Naye hatanisamehe kamwe. Kwake wewe ndiye baba na mama."

"Hilo silijui. Hilo ni lenu." Mzee akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe si ndiye unayehakiki? Hakiki."

Akaandika. Kurasa mbili. Kisha akamsomea kwa sauti, taratibu, naye mzee akisikiliza amefumba macho. Penye basi, Hakiki alikuwa ameandika kwamba hakuweza kuona vizuri chini ya gari. Mzee akanyanyua kidole.

"Hapo futa. Andika: sikuangalia."

Akafuta, akaandika. Mzee akatia dole gumba. Ndipo Hakiki akapiga ile namba.

"Mjomba wako yuko hapa ofisini."

Alisikia kitu cha chuma kikianguka.

Baada ya nusu saa Mhandisi aliingia anahema, ovaroli lote mafuta, mlinzi akimfuata nyuma. Aliona karatasi mezani, aliona wino wa dole gumba.

"Umemfanya nini?"

"Nimemwandikia maelezo yake."

Akazinyakua karatasi. Angezichana, ila mzee alisimama.

"Weka chini."

"Mjomba, tulikubaliana..."

"Uliniambia ninyamaze, nikakutii. Mimi mkubwa nikamtii mdogo, ndiyo maana mambo yameharibika. Leo wewe nitii mimi. Weka chini."

Akaweka. Akakaa kwenye kiti cha waombaji kazi, akainamisha uso juu ya mikono yake michafu, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mjomba akamwekea kiganja kisogoni.

"Ungenipigia kwanza," Mhandisi alimwambia Hakiki, bila kuinua kichwa.

"Ungemzuia."

"Ndiyo. Ningemzuia." Akapangusa uso, akaacha mstari mweusi shavuni. "Sijui kama ninakuchukia au ninakushukuru. Usinipigie kwa sasa."

"Sitapiga."

*

Mzee alihukumiwa miaka minne. Bodi ilimwona Mhandisi hakugonga muhuri, lakini aliuacha kwenye droo wazi kama chumvi ya jikoni, na tena alificha alichokijua. Wakamnyang'anya leseni kwa miezi kumi na minane, na muhuri wake ukakatwa vipande mbele ya macho yake.

Hakiki naye hakungoja kuulizwa. Aliingia kwa meneja, mama wa makamo aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua, akasema yote mawili: faili asilolikabidhi, na siku kumi na nne alizozifuta.

Meneja alivua miwani. "Ungeniambia siku ya kwanza, faili lingekwenda kwa mwenzako, kijana angeandikiwa barua yake, na huenda mzee angesema mapema. Sasa nikufanyeje?"

"Unavyoona, mama."

Akampa barua ya onyo na kumhamishia chumba cha kumbukumbu, chumba kisicho na dirisha, kazi ya kupanga mafaili ya waliokwisha kuajiriwa na kusahauliwa. Hakiki aliifanya bila kunung'unika. Majina ya wahandisi na makandarasi wa mikoa yote yalipita mikononi mwake kama vumbi.

Wiki ya saba, saa sita mchana, simu ikaita.

"Hakiki."

"Nipo."

"Nina majina saba. Nimeyaomba mahakamani. Nataka kwenda kwao, nyumba kwa nyumba. Nimekwenda ya kwanza mara mbili, nikaishia kona. Miguu inakataa. Sina mtu mwingine wa kumwomba."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Nitakuja."

Hakiki alivaa gauni jeusi lisilo na urembo, na mtandio wa kijivu. Mhandisi alivaa shati jeupe, safari hii bila mikunjo ya pasi. Walitembea wakiwa na nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa za nyumba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu aliyefiwa na mke. Aliwasikiliza wakiwa wamesimama, akiendelea kupiga misumari kwenye soli. Alipomaliza kiatu, alisema, "Nimesikia. Nendeni." Ya pili mlango ulifungwa kabla Mhandisi hajamaliza kusema jina lake, ndani wakasikia mwanamke akimwambia mtu, "Ni wale wa muhuri." Ya tatu kulikuwa na bibi aliyefiwa na mjukuu wa pekee. Yeye aliwakaribisha ndani, akawaonyesha daftari za shule, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho iliyoishia nusu ukurasa. Mhandisi alishika kila daftari kwa mikono miwili.

"Mjomba wako yuko ndani?" bibi aliuliza.

"Yuko ndani, bibi."

"Nawe muhuri uliuacha wazi."

"Niliuacha wazi."

"Sitasema nimekusamehe. Sijafika huko, na miaka niliyobakiza ni michache." Akamgeukia Hakiki. "Na huyu ni nani wako?"

"Ni... rafiki yangu, bibi."

"Rafiki haji kwenye jambo kama hili," alisema bibi, akakusanya daftari zake.

Nje walipita nyumba kadhaa. Kisha Hakiki akasema, "Nilikunyima siku zako. Sijakuomba radhi. Naomba sasa."

"Nami nilikuachia ukweli nusu, nikakasirika ulipouhukumu nusu." Akapiga kijiwe kwa ncha ya kiatu. "Zimebaki nyumba nne."

"Nitakuja zote."

"Kila nyumba watauliza wewe ni nani wangu. Nitajibu nini?"

"Jibu la kweli. Umeshaona uongo ulivyotugharimu."

Alisimama katikati ya njia. Mama mmoja mwenye ndoo akawapita, akiwatazama. "Sina leseni, Hakiki. Sina muhuri, sina mradi, sina gereji. Ninakaza nati kwenye malori ya watu. Mtu wa namna hii huombaje?"

"Huomba kama alivyopiga zile simu za salamu. Kwa ukaidi."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, tabasamu likamgusa, likaondoka haraka kana kwamba limekosea mlango. "Basi nakuomba. Uwe mke wangu."

"Nimekubali," alisema Hakiki, na machozi yakamtoka. Nafasi ile ya mtu mmoja kati yao ikafungika.

Walioana mwezi uliofuata, asubuhi ya Ijumaa, kwenye ofisi ya msajili. Shahidi wa bibi harusi alikuwa dada, aliyeshona gauni la krimu na safari hii hakubana popote. Hapakuwa na ngoma wala gari lililopambwa. Mchana walikwenda gerezani na nguo zao zile zile, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku ya kuona wafungwa.

Mjomba aliletwa upande wa pili wa wavu. Alikuwa amekonda zaidi, lakini mikono yake, aliyoiegemeza kwenye nyaya, ilikuwa imetulia. Aliwatazama muda mrefu, gauni la krimu, tai ya kijana, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakusema hongera.

"Mmebakiza nyumba ngapi?"

"Mbili, mjomba."

"Na saa hizi mnakwenda wapi?"

Wakatazamana. "Dada ametupikia," alisema Mhandisi. "Anatungoja."

"Dada atangoja kidogo. Nendeni mkamalize kwanza, kisha mje mniambie walivyosema. Lolote walilosema, msinipunguzie." Askari akamgusa bega kwamba muda umekwisha. Mzee akageuka kwenda, kisha akawaangalia tena juu ya bega lake. "Msiwe na haraka ya kurudi. Mimi nipo tu."